Fedha Zinazoruhusiwa Kupotea

Taasisi ya hisani inapotoa ruzuku kwa kikundi cha wanawake wajasiriamali kilicho katika nchi nyingine, hutoa fedha za namna ya pekee: hazidaiwi na mwenye hisa, hazisubiri kura ya bunge, na kwa kawaida hakuna anayetakiwa kuzirudisha. Benki haiwezi kutoa fedha za namna hiyo kwa kuwa inalinda amana za wateja wake, na serikali inayotoa misaada hubanwa na bajeti ya mwaka pamoja na masilahi yake ya kidiplomasia. Kazi yangu kwa muda sasa imekuwa kusaidia asasi ndogo kuandaa maandiko ya miradi na kupitia mikataba inayotoka kwa wafadhili, na bado hunishangaza kuona kwamba fedha hizi, zilizo huru kuliko nyingine zote, hufika zikiwa zimefungwa kwa masharti ya mkopeshaji mwoga. Naamini kwamba thamani kubwa ya taasisi inayofadhili biashara za wanawake katika nchi za mbali iko katika uwezo wake wa kubeba hasara ambayo wengine hawawezi kuibeba, na kwamba taasisi isiyotaka kuutumia uwezo huo inafanya kazi ambayo benki ingeifanya vizuri zaidi.

Mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa Bangladesh. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, aliyekuwa akifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Chittagong, alitoa mfukoni mwake kiasi kinacholingana na dola 27 akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, ambao walikuwa wakiwategemea walanguzi kwa mtaji wa kununulia malighafi. Alipotaka kuupanua mpango huo, mabenki yalidai dhamana, na watu aliowakusudia hawakuwa na chochote cha kuweka rehani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ford Foundation, taasisi ya hisani ya Marekani, ilitoa dola 800,000 ziwe mfuko wa dhamana, yaani wa kuyafidia mabenki endapo wakopaji wangeshindwa kulipa. Fedha hizo ziliwekwa katika benki mjini London na, kwa maelezo ya Yunus mwenyewe, hazikuguswa hata mara moja. Mwaka 1983 mpango huo wa Yunus, ulioitwa Grameen, ukawa benki kamili kwa sheria yake maalumu, na mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani. Sidai kwamba dhamana hiyo ndiyo iliyoijenga Grameen, kwa kuwa zilikuwapo pia fedha nyingi za wafadhili wengine na kazi ngumu ya watumishi waliokuwa wakizunguka vijijini kila wiki. Ninachokiona ni kwamba mtoaji alikubali kuwa fedha zake zinaweza kuteketea zote, na kukubali kwake huko ndiko kulikoyapa mabenki ujasiri.

Wala mtu asidhani kwamba wanawake walikuwa wamekaa wakisubiri taasisi iwafikie. Mjini Ahmedabad, India, Ela Bhatt aliongoza kuanzishwa kwa SEWA mwaka 1972, chama cha wanawake waliojiajiri wenyewe, wakiwamo wachuuzi wa barabarani, washonaji wa majumbani na wabeba mizigo. Miaka miwili baadaye wanachama 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao ya ushirika. Mwaka 1975, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Mexico City, Bhatt na wenzake, akiwamo mfanyabiashara Esther Ocloo wa Ghana, walianza kuzungumzia chombo cha kimataifa ambacho kingewaunganisha wanawake na huduma za fedha, na mazungumzo hayo yakazaa Women's World Banking mwaka 1979. Ninaposoma ripoti za wafadhili zinazojisifu kwamba zimewawezesha wanawake fulani, hukumbuka zile rupia 10, na hutamani ripoti ianze kwa kueleza wanawake hao walikuwa wamekwisha kujifanyia nini kabla mgeni hajabisha hodi.

Sifa za mikopo midogo zilipozidi, vipimo navyo vikafuata. Mwaka 2010 jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilikumbwa na mgogoro mkubwa baada ya wakopaji wengi kulemewa na madeni ya kampuni kadhaa kwa wakati mmoja, na serikali ya jimbo ikaingilia kati hadi ukusanyaji wa marejesho ukakaribia kusimama. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita zilizofanywa Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zote zikilinganisha maeneo au watu waliopata mikopo na wale ambao hawakuipata. Kwa ujumla zilionyesha kwamba mikopo iliwasaidia watu kwa kiasi, hasa kwa kuwapa uhuru zaidi wa kuchagua namna ya kuendesha shughuli zao, lakini haikuinua kwa kiwango kikubwa kipato cha wastani cha kaya. Kwa taasisi za hisani, jambo hilo lilipaswa kuwa habari njema, kwa sababu liliacha wazi swali ambalo zina nafasi ya kulifanyia kazi: ikiwa mtaji wa mkopo pekee hautoshi, kinachokosekana ni nini?

Majibu yaliyopatikana hayafanani, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Nchini Sri Lanka watafiti waliwapa wenye biashara ndogo ruzuku bila kudai marejesho. Faida za wanaume zilipanda sana, ilhali za wanawake, kwa wastani, hazikusogea. Ni rahisi mno kuhitimisha kwamba wanawake hawajui kuwekeza, na nimewasikia watu wakilisema hilo kwa sauti ya huruma. Lakini mwaka 2019 watafiti wengine, wakiwamo Rohini Pande na Natalia Rigol, walichapisha uchambuzi wa takwimu za Sri Lanka, India na Ghana walizozipanga upya kwa kuangalia kaya nzima. Walikuta kwamba mwanamke ambaye biashara yake ndiyo pekee katika kaya alipata faida isiyopungua ya mwanamume. Pengo lilitokea pale ambapo mume naye alikuwa na biashara, kwa kuwa mtaji uliokabidhiwa mke ulielekezwa huko. Kaya haikupoteza fedha. Ilizipeleka ilikoona zitazaa zaidi, au ilikoona mwenye sauti anazitaka, na utafiti wa aina hiyo hauwezi daima kutenganisha sababu hizo mbili.

Ukiilinganisha taarifa hiyo na fomu ya tathmini ambayo asasi nyingi hupewa, utaona tatizo mara moja. Fomu huuliza mauzo ya biashara ya mnufaika kabla na baada ya mradi, basi. Mwanamke aliyemnunulia mumewe cherehani ya pili atahesabiwa kuwa ameshindwa, na asasi iliyompa ruzuku itaandika sura nzima ya kujieleza. Fomu hiyohiyo haiulizi kama sasa anashirikishwa katika maamuzi ya matumizi, wala akiba iko kwa jina la nani. Nchini Ghana nako utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ruzuku iliyotolewa kwa bidhaa au vifaa iliongeza faida za wanawake ambao biashara zao zilikuwa tayari zimesimama, ilhali fedha taslimu hazikufanya hivyo, na wanawake wenye biashara ndogo kabisa hawakunufaika sana kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Mfadhili anayetaka kuwafikia maskini zaidi na hapohapo kuonyesha ukuaji wa haraka wa faida anaomba mambo mawili ambayo mara nyingi hayaji pamoja, na ni afadhali aambiwe hivyo kabla hajatia saini.

Kuhusu mafunzo nitasema machache. Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara 1,500 waligawanywa katika makundi. Baadhi walipata mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na mambo ya namna hiyo, na wengine walipata mafunzo ya kujituma yaliyotokana na saikolojia, yanayomzoeza mtu kutafuta fursa na kuendelea baada ya kukwama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kundi la pili liliongeza faida kwa asilimia 30, na kwa mafunzo ya kawaida ongezeko la asilimia 11 halikuweza kutofautishwa kwa uhakika na sifuri. Pamoja na hayo, mafunzo ya kawaida yangali ndiyo yanayoombewa ruzuku zaidi, kwa sababu ni rahisi kuhesabu vichwa darasani.

Utafiti unaoigusa hoja yangu moja kwa moja ulifanyika Kolkata, India. Mikopo midogo mara nyingi huanza kurejeshwa wiki mbili tu baada ya kutolewa, utaratibu unaomlazimisha mkopaji kuingia katika biashara ya kununua na kuuza upesi, hata kama anajua kwamba kifaa fulani kingemletea faida kubwa zaidi baada ya miezi kadhaa. Erica Field, Rohini Pande na wenzao waliwapa baadhi ya wakopaji muda wa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Miaka takriban mitatu baadaye biashara za kundi hilo zilikuwa zikiingiza faida kubwa zaidi kuliko za wenzao, na pia wakopaji walioshindwa kurejesha walikuwa wengi zaidi. Benki ikiona matokeo hayo ina haki ya kuurudisha utaratibu wa zamani, maana hasara ni yake na faida ni ya mkopaji. Taasisi ya hisani inapaswa kuyaona kwa jicho lingine: kama ingelipia tofauti ile ya marejesho yaliyopotea, wanawake wangepata nafasi ya kupumua na benki isingeumia. Hata hivyo, maandiko mengi ya miradi ya kukopesha ninayoyaona hutakiwa kuahidi kiwango cha marejesho kinachokaribia asilimia 100, na kwa ahadi hiyo asasi hulazimika kuwaacha wale ambao ruzuku ingewafaa zaidi.

Yapo matukio ambapo wafadhili walithubutu. Shirika la BRAC la Bangladesh, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilibuni mwaka 2002 mpango wa kaya maskini kabisa ambazo hata mikopo midogo ilikuwa haizifikii. Kaya hupewa mali ya kuzalisha, mara nyingi mifugo, pamoja na posho ya matumizi kwa miezi ya mwanzo ili mifugo hiyo isiuzwe kwa njaa, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, na mtu wa kuitembelea mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Ford Foundation ikishirikiana na CGAP, kituo cha masuala ya fedha kwa maskini kilicho chini ya mwavuli wa Benki ya Dunia, iligharimia majaribio ya mpango huo nje ya Bangladesh kuanzia mwaka 2006, katika maeneo kumi ya nchi nane. Mwaka 2015 matokeo ya nchi sita, yaliyohusu kaya zaidi ya 10,000 za Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, yalionyesha kwamba matumizi, mali na usalama wa chakula viliongezeka na vilikuwa bado juu mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika. Honduras ilikuwa na mkosi wake: kaya nyingi zilichagua kuku, ugonjwa ukawaua, na kwa hesabu ya gharama na faida mradi wa huko haukulipa. Kuku hao hawakufichwa. Waliandikwa katika ripoti ileile iliyozisadikisha serikali kadhaa kwamba utaratibu huo unafaa kuigwa, na nadhani ripoti iliaminika zaidi kwa sababu walikuwamo.

Ni haki pia kueleza kwamba sehemu ya ukali wa wafadhili inatokana na sheria. Nchini Marekani, taasisi binafsi ya hisani hutakiwa kutumia kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zake za uwekezaji, na inapotaka kuipa ruzuku asasi ya nje isiyotambuliwa na mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, ina njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kupata maoni ya mtaalamu wa sheria za kodi kwamba asasi hiyo inalingana na shirika la hisani la Marekani. Ya pili ni kuchukua wajibu wa kufuatilia matumizi yenyewe: kuichunguza asasi kabla, kuandikiana mkataba, kutaka fedha zitengwe katika hesabu zake, kupokea ripoti kila mwaka hadi fedha ziishe, na kuiarifu mamlaka ya kodi. Kwa kikundi ambacho mweka hazina wake ni mwanachama anayejitolea jioni, huo ni mzigo wa kweli. Lakini hakuna mahali ambapo sheria hiyo inasema mradi udumu miezi 12, au kwamba mtaji wa wanawake usipungue. Kinyume chake, marekebisho ya sheria ya kodi ya mwaka 1969 yaliruhusu taasisi kutoa mikopo nafuu na dhamana zenye lengo la hisani, na fedha zinazotolewa kwa namna hiyo zikahesabiwa ndani ya matumizi ya lazima ya kila mwaka hata kama uwekezaji wa namna hiyo usingemvutia mtafuta faida. Mlango wa kubeba hasara uko wazi kisheria kwa zaidi ya nusu karne. Wanaoupita ni wachache.

Upande wa wapokeaji nao una sheria zake, na nyingine zimezidi kubana. Nchini India sheria ya michango ya kigeni ya mwaka 2010 ilirekebishwa mwaka 2020 ili asasi iliyopokea fedha kutoka nje isiweze kuzigawa kwa asasi nyingine, gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 20 badala ya 50 iliyokuwapo awali, na fedha zote zipokelewe kwanza kupitia tawi moja la benki ya State Bank of India mjini New Delhi. Walioumia zaidi ni vikundi vidogo vilivyokuwa vikipata ruzuku kupitia asasi kubwa yenye mhasibu na kibali. Mfadhili aliye mbali hawezi kuibadili sheria hiyo, ila anaweza kuacha kuandika mkataba unaodhani kwamba asasi zote duniani zina uhuru sawa.

Gharama za uendeshaji ndizo zinazoleta ugomvi zaidi mezani. Mfadhili yuko radhi kununua vyerehani 40, lakini hataki kulipa mshahara wa mtu atakayejua vyerehani hivyo viko wapi mwaka ujao. Asasi hujifunza kuuficha mshahara huo ndani ya kifungu cha mafunzo, na kuanzia hapo mazungumzo ya kweli kati ya pande mbili yanakuwa yamekwisha. Mabadiliko yapo, tena si madogo: mwaka 2016 Ford Foundation ilianza mpango wa BUILD, uliotengewa dola bilioni 1, wa kuzipa asasi ruzuku za miaka mingi kwa ajili ya kuziimarisha zenyewe, na tangu mwaka 2020 bilionea wa Marekani MacKenzie Scott amekuwa akitoa ruzuku kubwa zisizo na masharti ya matumizi. Global Fund for Women, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1987, na African Women's Development Fund, iliyoanzishwa mwaka 2000 na ambayo makao yake yako Accra, zilikuwa zimeanza zamani kuvipa vikundi vya wanawake fedha ambazo vyenyewe vingeamua zitumikeje. Nafurahi kwamba matajiri wakubwa sasa wameanza kuufuata mwendo huo, ijapokuwa sifa za ubunifu wamepewa wao.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ningemshauri mfadhili auzuie mkono wake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991, katika eneo la Maradi, huendeshwa kwa akiba za wanachama wenyewe: hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana, na mwisho wa mzunguko hugawana kilichopatikana. Nidhamu yake yote inatokana na kila mmoja kujua kwamba fedha zilizo katika sanduku ni za jirani yake. Taasisi ikiingiza humo fedha zake kama mtaji wa mbegu, marejesho huanza kulegea, kwa kuwa deni la mgeni halina aibu ya deni la jirani. Kinachofaa kugharimiwa ni mwezeshaji anayekifundisha kikundi kwa mzunguko wa kwanza kisha akaondoka, jambo lisilo na picha nzuri ya kubandika kwenye ripoti ya mwaka.

Kwa asasi zinazotoa mitaji moja kwa moja, kila ninapopitia rasimu ya mkataba huwashauri waombe kifungu kimoja cha ziada. Kifungu hicho hutaja mapema sehemu ya mtaji wa wanawake inayoweza kupotea kwa mifugo kufa, soko kufungwa au mkopaji kuugua, bila asasi kudaiwa fedha hizo na bila kuhesabiwa kuwa imekiuka mkataba, mradi maelezo ya maandishi yatolewe kwa wakati. Mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, alijibu kwamba bodi yake haiwezi kuidhinisha hasara ambayo haijatokea. Mwingine alikikubali kifungu, akaongeza sharti kwamba kila hasara iandikwe pamoja na chanzo chake, na kwamba maelezo hayo yapelekwe kwa vikundi vingine vyote anavyovifadhili. Sharti hilo sasa nimeanza kuliweka mwenyewe katika rasimu, kabla mfadhili hajaliomba.